Ndiyo ya Jukwaani na Ndiyo ya Ofisini

Katika semina zetu za fasihi hakuna hoja iliyowachosha watu kama ile ya fani na maudhui. Wapo waliosema fani ni kikombe na maudhui ni chai. Wakaja wengine wakapinga: kikombe unaweza kumwaga chai ukatia uji, lakini kazi ya sanaa huwezi kuifanyia hivyo, basi tuseme ni pande mbili za sarafu moja. Wengi wetu tunaikariri hoja hii kwa ajili ya mtihani, kisha tunaiacha mlangoni. Makala haya yanairudisha kwa sababu kuna watu wanaoijaribu kila siku pengine bila kukusudia: wale wanaouchukua uigizaji wa papo kwa papo na kuupeleka maofisini.

Watu hawa si wachache. Tangu 2002 wana mtandao wao wa kimataifa, Applied Improvisation Network, unaowakutanisha wakufunzi, washauri wa makampuni, walimu na waigizaji. Huingia katika benki, hospitali au shirika la misaada, wakawasimamisha wafanyakazi kwenye duara na kuwachezesha ili wajifunze kusikilizana na kutobabaika mambo yanapokwenda kombo. Second City, ukumbi wa vichekesho uliofunguliwa Chicago mwaka 1959, nao ulianzisha kitengo cha kazi hiyo, na wakubwa wake wawili, Kelly Leonard na Tom Yorton, wakaitetea katika kitabu chao Yes, And cha mwaka 2015.

Jina la kitabu ndiyo kanuni yenyewe: "Ndiyo, na..." Mwenzako akileta jambo, likubali, kisha ongeza lako. Zoezi linalopendwa ni la watu wawili kupanga sherehe. Mara ya kwanza kila wazo linajibiwa "ndiyo, lakini...", na sherehe inafia mdomoni. Mara ya pili linajibiwa "ndiyo, na...", na ghafla kuna ngoma, pilau na tembo wawili mlangoni. Watu wanacheka, mkufunzi anatabasamu, somo limeeleweka.

Limeeleweka kweli? Hebu tuitazame kanuni hii kama tunavyotazama mshororo wa shairi. Jukwaani mwigizaji wa kwanza anasema: "Nahodha, jahazi linaingiza maji!" Wa pili akijibu, "Jahazi gani wee, si tuko sokoni hapa?" mchezo umekufa. Lakini akijibu, "Lizame tu, shehena ya karafuu haitupwi hata gunia moja!" mchezo umewaka moto. Angalia vizuri nani amekubali nini. Nahodha, yaani mhusika, amekataa katakata. Aliyekubali ni mwigizaji: amekubali kwamba jahazi lipo, maji yapo, na yeye ni nahodha. Ndiyo ya jukwaani ni mapatano ya waigizaji kuhusu ulimwengu wanaoujenga. Ndani ya ulimwengu huo wahusika wana ruhusa ya kugombana mpaka asubuhi.

Sasa mpeleke karani wa mishahara kwenye duara. Bosi wake naye yumo, amevua koti. Mchezo unakwisha, na Jumatatu bosi anasema: "Tunafikiria kupunguza posho ya usafiri." Karani anakumbuka: ndiyo, na... Ndiyo na nini, jamani? Huyu hana mhusika wa kumsemea. Mwigizaji na mhusika wamekuwa mtu mmoja, mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto. Kanuni iliyokuwa inalinda ugomvi ndani ya hadithi imegeuka adabu ya kutopinga. Kwa maoni yangu hapa ndipo kikombe kinapovuja.

Wala hatuna haja ya kuwavamia wakufunzi kwa silaha za nje. Turudi kwa Viola Spolin, mama wa michezo hii. Alijifunza kwa Neva Boyd katika kituo cha Hull House kilichowahudumia wahamiaji wa Chicago, na kuanzia 1939 alisimamia michezo ya kuigiza chini ya mradi wa serikali wa WPA, akiwa na watoto na wakubwa wa mitaa ambayo watu wake hawakuwa na lugha moja. Katika Improvisation for the Theater (1963) anataja adui mkubwa wa ubunifu: mazoea ya kusubiri kusifiwa au kukaripiwa. Anasema mamlaka hayo yana sura nyingi, yakianza kwa mzazi na mwalimu na kuenea katika jamii nzima. Na katika orodha yake mwajiri yumo! Mwandishi huyu alimtaja mwenye ofisi kuwa sehemu ya ugonjwa. Leo mwenye ofisi ndiye mnunuzi wa dawa.

Keith Johnstone yeye anakwenda mbali zaidi. Alikuwa mwalimu wa shule Battersea, London, kabla ya kuingia ukumbi wa Royal Court, na kitabu chake Impro (1979) kinatoa sehemu nzima kwa suala la hadhi. Kwake hakuna sauti wala mkao usio na upande: kila tendo linampandisha mtu au kumshusha, kama pembea, na mtumishi anaweza kabisa kucheza hadhi ya juu mbele ya bwana wake. Hapo ndipo vichekesho vyake vinapopatia uhai. Sehemu hii ingeweza kutikisa ofisi. Lakini mara nyingi ikifika huko inakuwa somo la meneja: simama hivi, tazama vile, uonekane kiongozi. Tarishi hafundishwi kupanda.

Haki isemwe. Si kila matumizi ni ya kuwapaka watu mafuta. Mwigizaji Alan Alda alisaidia kuanzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Stony Brook mwaka 2009, ambako wanasayansi huchezeshwa michezo hii wajifunze kuongea na watu wa kawaida. Pale tatizo ni la kusikiliza kweli, na anayeshushwa ni yule mwenye elimu. Sina ugomvi nalo.

Ila kuna njia nyingine ambayo wahakiki wetu wasiisahau. Augusto Boal wa Brazil, katika jukwaa lake la mjadala, alimpa mtazamaji haki ya kupaza sauti "simama!", apande, achukue nafasi ya anayeonewa, ajaribu njia tofauti. Kanuni yake inaanza na hapana. Nasi tuna Malya, Mwanza, ambako mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji, mada ikiwa mimba za wasichana wa shule. Mlama aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha 1991. Maonyesho yalitoka kwa watu wenyewe, na mjadala ukafuata. Hapakuwa na mteja aliyelipia wanakijiji wawe wepesi kukubali.

Leonard na Yorton wanaitetea pia kanuni nyingine ya Spolin, mfuate anayekufuata. Inatokana na mchezo wa kioo: wawili wanatazamana, mmoja anaigiza mienendo ya mwenzake, wanabadilishana haraka haraka mpaka hajulikani nani anaongoza. Ni mchezo mzuri sana, bwana, na ndio ningependa kuuona ukichezwa kati ya mkurugenzi na mfagizi, mbele ya watu wote, kwa dakika tano kamili. Kisha mkufunzi aulize: ratiba ya zamu ya wiki ijayo inapangwa na nani?