Shule ilikuwa kwenye mwanzi

Mwanzi mrefu uliokauka umelazwa chini juu ya vijiti vichache. Vijana watatu au wanne wameuchutamia, kila mmoja na vijiti vyake vya kupigia. Mbele yao amesimama manju: njuga miguuni, kibuyu chenye mbegu mkononi, na usinga ambao mara ni usinga, mara ni silaha ya shujaa anayemwigiza. Anaimba, anasimulia, anacheza. Hivyo ndivyo Wanyanga wa misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, walivyokuwa wakiutoa utendi wao mkubwa, karisi, na mtazamaji yeyote humkodolea macho manju. Leo natazama chini, kwenye mwanzi.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu ya kazi moja ya mwaka 1956. Mbelgiji Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia, alimpata manju aitwaye Rureke, akamwomba autoe utendi wa Mwindo tangu mwanzo hadi mwisho ili uandikwe. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Maandishi ya Kinyanga na tafsiri yake, vilivyohaririwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga na mwanaisimu, vilitoka kitabuni mwaka 1969. Wanaokitaja kitabu hicho hupenda kuisifu kumbukumbu ya Rureke, na kweli ni ya ajabu. Lakini Rureke mwenyewe alisema jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi: hajawahi hata mara moja kuutoa utendi wote kwa mfululizo wa siku namna ile. Desturi ilikuwa kuchukua kipande. Watu wamekusanyika jioni, kipande kimoja kinaimbwa, tena kinatosha.

Hapo fundi wa jukwaa anapaswa kusimama kidogo. Tumezoea kudhani kwamba utendi ni gogo moja refu ambalo lazima libebwe lote. Karisi ni mafungu ya kuni: kila fungu limefungwa kwa kamba yake, unachukua unaloweza. Na kila fungu lina umbo lile lile. Kwanza sehemu ya hadithi huimbwa, kisha sehemu hiyo hiyo husimuliwa kwa maneno ya kawaida. Wimbo ndio hutangulia. Msikilizaji hupata sauti ya jambo kabla hajapata habari yake, na masimulizi yanapofika yanaangukia mahali palipokwisha kulainishwa.

Mpangilio huo una faida nyingine ambayo haionekani upesi. Wimbo wa karisi una kiitikio, na kiitikio ni cha wapiga mwanzi na hadhira. Manju anatupa mstari, wao wanaurudisha. Wakati wanaurudisha yeye anavuta pumzi, anageuka, anakumbuka kinachofuata. Na kijana aliyechutama pale ameshika kazi mbili kwa pamoja: mkono wake unalinda mapigo, mdomo wake unarudisha maneno. Kisha unakuja usimulizi, anausikia kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote, huku jasho la mwalimu wake likimdondokea. Kesho kutwa, kijiji kingine, kipande kingine. Baada ya miaka ameusikia utendi wote vipande vipande, na kila kipande amekisikia kikiwa na mwili wake: manju alisimama wapi, aliinama lini, alinyamaza kwa muda gani.

Maana miongoni mwa wale vijana walikuwamo wanagenzi wa manju. Mwanzi ule ulikuwa chombo cha muziki, na papo hapo ulikuwa dawati.

Tazama ulivyopimwa vizuri. Kazi ya mwanagenzi inasikika: akiacha kupiga, onyesho linachechemea. Hivyo hawezi kusinzia. Lakini si peke yake, wako watatu au wanne, kwa hiyo akiteleza pigo moja wenzake wanamfunika na hakuna aibu ya hadharani. Amepewa uzito wa kutosha kumfanya awe macho, ila si wa kumvunja mgongo. Kama kuna mwalimu wa sanaa anayetafuta kipimo cha kumwanzisha mwanafunzi, hiki hapa, kimekatwa msituni bila cheti.

Sasa tupande milimani, tuvuke hadi Nyamitaba, upande wa Masisi, ambako msitu umeacha nafasi kwa malisho na ng'ombe. Mwanafunzi wa sekondari huku ana hazina ya aina nyingine pia: uchezaji ambao mikono huinuliwa na kupinda kama pembe za ng'ombe, ngoma za Wahunde, kwaya za kanisani zenye sauti nne. Shule inapotaka kuonyesha vipaji vyake, siku ya kufunga mwaka au mgeni mkubwa anapokuja, huitoa baleti, kama tunavyoita Kongo kundi la ngoma za asili, kisha igizo, kisha wimbo. Ni desturi nzuri. Kasoro yake ni ya kiufundi.

Niliwahi kuombwa niketi kwenye meza ya waamuzi katika onyesho la wanafunzi, shule siitaji. Msichana wa mwaka wa sita aliimba vizuri sana, tukapiga makofi. Wapiga ngoma walikuwa wamewekwa nyuma ya pazia la kitenge ili jukwaa lipendeze. Katikati ya wimbo msichana akaongeza kasi, kwa furaha tu, kama anavyofanya kila mwenye damu changa. Wale nyuma ya pazia hawakumwona. Ngoma ikabaki kule, wimbo ukaenda huku, na kwa muda uliotosha kumfanya prefe, mkuu wa shule, atazame viatu vyake, hatukujua tufuate upi. Kwenye karatasi ya waamuzi palikuwa na nafasi ya kuandika jina la mwimbaji. Ya wapiga ngoma haikuwapo.

Pazia lile ndilo kosa lote. Tunamchagua mmoja aliyekwisha kuiva, tunamweka mbele, na wale ambao wangeiva mwakani tunawaficha. Karisi ilifanya kinyume: ilimweka anayejifunza mahali penye mwanga ule ule, hatua mbili kutoka kwa anayejua, akiona uso wake na nyayo zake.

Mtu atasema huo ni mwenendo wa kijiji, shule ni jambo jingine. Basi tuchukue mfano wa shule. Kamina, Katanga, miaka ya 1950: padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda kundi la wavulana wapatao 45, wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15, akaliita Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 walisafiri Ulaya, na mwaka huo huo ikarekodiwa kazi iliyowafanya wajulikane duniani, Missa Luba. Miaka kumi baadaye Sanctus yake ikasikika ndani ya filamu ya Lindsay Anderson, if...., na mwaka 1990 kwaya ya Muungano kutoka Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikairekodi upya.

Ilitengenezwaje? Haikuanza kwenye karatasi ya noti. Maneno yalikuwa ya misa, Kilatini. Sauti zilitafutwa katika nyimbo ambazo watu wa Kasai na Katanga walikuwa wanazijua tayari, na kundi likazijaribu pamoja, likitunga papo kwa papo hadi umbo likakaa. Kwenye Credo, yanapofikiwa maneno ya kusulubiwa, inaingia kasala, ghani ya maombolezo ya Waluba. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mtoto wa Kamina namna ya kuomboleza kwa kasala. Kilichohitajika ni kumwonyesha ni wapi ndani ya Kilatini pana msiba.

Na sauti kuu inayosikika ikitangulia katika rekodi ile ni ya Joachim Ngoi, mwalimu. Watoto wanamwitikia. Sitaki kuzidisha ulinganisho, Kamina na Walikale ni mbali na kati yao kuna milima na lugha nyingi, lakini umbo ni lile lile: anayejua anatupa mstari, wanaojifunza wanaurudisha, wote mbele ya hadhira moja. Katika majalada mengi jina linalosomeka kama la mtunzi ni la Haazen. Nadhani karatasi ile ya waamuzi ina babu zake.

Turudi kwenye kipande, maana huko ndiko mwalimu wa igizo hukwama. Wanafunzi wakipewa Mwindo kwa dakika 15, jambo la kwanza watakalofanya ni kujaribu kueleza yote: mfalme Shemwindo wa Tubondo anayewaamuru wake zake saba wazae wasichana tu, mtoto wa kiume anayezaliwa akitembea na kucheka, vita na baba, safari ya kuzimu, maridhiano, joka, radi inayompandisha angani. Matokeo yake ni mtu anayesoma muhtasari huku wenzake wakipita jukwaani wamevaa majani. Manju hakufanya hivyo hata siku moja.

Ningechagua kipande cha ngoma. Shemwindo amejaribu kumuua mtoto, ameshindwa. Anaagiza ichongwe ngoma, Mwindo afungiwe ndani, ngozi iwambwe, itupwe kwenye kina cha maji. Wasichana wanakwenda kuchota maji, wanaona ngoma imeibuka juu ya kina, na ndani yake mtoto anaimba: anakwenda kwa Iyangura, shangazi yake. Kwa jukwaa la shule hapa kila kitu kimekwisha kupangwa. Kuna amri, kuna kazi ya mikono ya kuigiza, kuna kundi la wasichana wenye sababu ya kuingia, na kuna mwimbaji ambaye hadhira haimwoni kwa haki, kwa kuwa yumo ndani ya ngoma! Pazia lingefaa hapa peke yake.

Wimbo utangulie, kama kwa Wanyanga. Hadhira isikie sauti kutoka majini kabla ya kujua ni ya nani. Kiitikio kibaki Kinyanga, kwani maneno machache hujifunzwa na yeyote kwa alasiri moja, naye Mhunde au mzungumzaji wa Kinyarwanda atayatamka vizuri tu. Missa Luba imeonyesha kwamba mwimbaji anaweza kubeba lugha ngeni akiwa na sauti anayoijua. Masimulizi yawe kwa Kiswahili. Kifaransa tumwachie prefe kwenye hotuba.

Mwanzi uwe mbele, na waupigao wawe wanafunzi wa madarasa ya chini. Msimulizi awe wa mwaka wa sita, au mwalimu mwenyewe, bila aibu. Chombo hiki hakidai umeme wala spika, na hata kikiachwa njiani kingine kitakatwa. Katika eneo ambalo familia zimehama mara nyingi hivi, na ambako Machi 2025 vita vilifika hadi Walikale mjini, mwalimu anayehesabu vifaa vyake analijua hilo kuliko mimi.

Itabaki kazi ya kumchagua atakayesimama mwakani. Hapo sidhani kama panahitajika mashindano ya sauti. Msikilize anayeitikia kabla mstari haujaisha, yule ambaye mkono wake unaendelea kupiga huku midomo yake ikisema kimyakimya maneno ya masimulizi, ambayo hakuna aliyempa. Rureke, kabla ya kuzisimamia zile siku 12, alikuwa kijana msaidizi wa manju mwingine.