Quake Mbili

Mchezo wa kompyuta uitwao Quake, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, mwezi Juni 1996, husifiwa zaidi kwa jambo ambalo kwa maoni yangu si sifa ya mchezo wenyewe: kwamba uliwafanya watu wafungue makasha ya kompyuta zao na kubadilisha vilivyomo. Wasifuo hivyo wanasifu duka, hawasifu kazi. Tena wengi wao hawasemi ni Quake ipi waliyoicheza, maana, ndugu msomaji, ziko mbili. Iko ile iliyochorwa na prosesa peke yake, na iko ile iliyofuata mwezi Januari 1997 kwa jina la GLQuake, iliyochorwa kwa msaada wa kadi maalumu ya picha. Ngome ni zilezile, majini ni yaleyale, milango hufunguka palepale. Hata hivyo mtu akizitazama moja baada ya nyingine ataona kuwa si kazi moja, nami nashikilia kwamba ile ya kwanza, nzito na yenye chengachenga, ndiyo bora.

Kabla yake palikuwapo Doom, wa Desemba 1993. Huo ulikuwa mpole kwa mashine. Kompyuta ya aina ya 386 yenye memori ya megabaiti 4 iliuendesha, ingawa kwa kujikokota, kwa kuwa hesabu zake zilipangwa kufanywa kwa namba nzima. Waandishi wake waliuwekea pia ukomo wa picha 35 kwa sekunde, basi tajiri mwenye mashine ya mwisho kabisa hakuipata picha ya 36. Ukomo huo naupenda sana.

Quake haukuwa na huruma hiyo. Ulimwengu wake una vyumba juu ya vyumba, na kuuchora kulidai hesabu za desimali zisizokwisha. Prosesa ya 486SX haikuwa na sehemu ya kufanyia hesabu hizo, na kwenye mashine ya namna hiyo mchezo ulikataa hata kuanza. Michael Abrash, aliyefanya kazi bega kwa bega na John Carmack, aliandika sehemu za uchoraji kwa lugha iliyo karibu kabisa na ile ya mashine, akaipangia prosesa ya Pentium ifanye tendo moja la kugawanya huku ikipaka nukta 16 za ukuta, kama mama akorogaye uji jiko hili na maharage yakichemka jiko la pili. Mpango huo ulikuwa wa werevu mkubwa, lakini ulifungamana na jiko la aina moja.

Walioumia ni wenye prosesa za Cyrix. Kampuni hiyo iliuza prosesa ya 6x86 kwa jina la P166+, maana yake kwamba ilikuwa sawa na Pentium ya megahezi 166 au zaidi, ingawa yenyewe ilikwenda kwa megahezi 133. Kwa kazi za ofisi dai hilo lilikuwa na msingi. Kwa Quake halikuwa nao, kwa sababu upande wa desimali prosesa hiyo ilikuwa dhaifu. Mimi nimeshughulika na vyeti vya walimu kwa miaka mingi, na neno “sawa na” hunishtua kila ninapoliona. Mwanachuo hupata daraja zuri kwa wastani wa masomo yote, kisha hupangiwa kufundisha hisabati, somo alilolipitia ukingoni. Cheti chake hakisemi uongo. Kosa ni la anayekisoma bila kuuliza alama zilitoka wapi.

Kisha ikaja kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx, mwishoni mwa 1996. Haikuondoa kadi ya zamani. Waya ulitoka nyuma ya kadi ya zamani ukaingia katika hiyo mpya, na wa pili ukatoka katika mpya kwenda kwenye kioo. Mtu alipoandika barua, Voodoo ililala. Mchezo ulipoanza, iliamka ikakitwaa kioo. Ilikuwa na memori ya megabaiti 4, nusu ya kushikilia picha inayochorwa na nusu ya kuhifadhia ngozi za kuta. Watu waliozoea kuucheza Quake kwa nukta 320 kwa 200, yaani nukta 64,000, walipata 640 kwa 480, yaani nukta 307,200, karibu mara tano, tena kwa mwendo laini. Sishangai kwamba walipiga kelele za furaha.

Sasa tutazame kilichopotea, maana hapo ndipo sifa nyingi huruka. Quake imechorwa kwa rangi 256 tu, na nyingi ni za kahawia, kijivu na kutu. Katika ile ya kwanza, ukilikaribia jiwe unaona miraba yake, mikavu, yenye ncha, na jicho huikubali kuwa ni ukavu wa jiwe. Kadi huchanganya kila nukta na jirani zake, hata ukuta uleule ukaonekana kana kwamba umepakwa samli. Mwanga nao ulipungua nguvu. Awali mwali uliweza kuung'arisha ukuta kupita rangi yake ya asili, na giza lililokuwa kando likazidi kuwa giza. Katika GLQuake mwanga uliishia pale rangi ya ukuta ilipoishia, tofauti ya nuru na kiza ikafifia. Ziko rangi chache zilizokusudiwa kuwaka hata gizani, nazo zilizimwa. Na majini, mathalani katika pango la Grisly Grotto, picha nzima ya Quake ya kwanza huyumba kama macho yaliyojaa maji. Katika GLQuake mzamiaji hupakwa rangi tu, dunia ikabaki imesimama wima kama ofisini.

Haya si mambo madogo kwa mchezo wa kutisha. Sauti na muziki, kazi ya Trent Reznor na Nine Inch Nails, hukutayarisha uogope usichokiona vizuri. Uchoraji wa kwanza ulikubaliana na masikio. Wa pili ulikuonyesha kila kona kwa ulaini wa kadi ya salamu.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Mwenye 486 ya haraka aliuona mchezo ukiruka kutoka picha hadi picha kama onyesho la slaidi, na asiyeweza kulenga hachezi kitu. Wanaoshindana wao kwa wao, mwenye picha laini humtangulia mwenzake. Hapo sina ubishi. Ila msimbo wa Quake ulipotolewa kwa umma mwezi Desemba 1999, wapenzi wake waliandika programu mpya zilizoutumia kwenye kadi za baadaye, na wakarudisha mawimbi ya majini, mwanga mkali na zile rangi zinazowaka. Kumbe vilivyopotea havikuwa bei ya lazima ya kuchora kwa kadi.

Nimelazimika kuyafikiri haya kwa sababu mjukuu wangu alinunua kompyuta ya ofisini iliyokwisha tumika, yenye Core i5 ya kizazi cha nne, ya miaka ya 2013, akaniambia, “Babu, nikiiweka kadi kubwa hii itapaa.” Kadi aliyoitaka ilizidi bei ya kompyuta yenyewe, na fedha ilikuwa ya vibarua vyake vya likizo nzima. Nilimtaka kwanza apunguze ukubwa wa picha katika mchezo anaoupenda na kuhesabu fremu. Zikipanda sana, aliyelemewa ni mchoraji. Zikibaki palepale, aliyelemewa ni prosesa, na kadi ya bei yoyote haitamsaidia. Zilipanda. Basi tukafungua kasha. Memori ilikuwa kipande kimoja, na kwa kompyuta inayochora kwa kuazima memori hiyohiyo, kipande cha pili cha kufanana nacho hufungua njia ya pili ya kupitishia data. Hicho ndicho alichonunua kwanza, kwa fedha kidogo, na fremu zikaongezeka kwa kuonekana. Kadi kubwa haikuwezekana kwa vyovyote, kwa kuwa tundu lake hutoa wati 75 tu na pawa saplai ya kasha lile haina waya wa ziada. Baadaye alipata GTX 750 Ti fupi iliyotumika, ya toleo la 2014, inayotosheka na wati 60. Hadi diski aliiacha, baada ya kuelewa kwamba ya kisasa ingempunguzia kungoja mchezo ufunguke lakini isingemwongezea fremu.

Laiti wahakiki wa michezo hii wangetaja mashine waliyotumia kama mhakiki wa tamthilia anavyotaja ukumbi. Husema “mchezo ni mzito” au “mchezo ni mwepesi,” na kijana asiye na mashine yao huingia dukani.

Kwenye kompyuta hiyo niliziweka Quake zote mbili, nikamwacha azicheze bila kumwambia ninayoipenda. Alichagua GLQuake. Sababu yake si kasi, kwa kuwa kwa mashine hiyo zote mbili hukimbia. Alisema miraba ya kuta za mbali hummeremetea machoni anapogeuka upesi. Ni kweli, na ni hoja nzito kuliko nyingi nilizosoma: kulainisha kunakoharibu jiwe la karibu hutuliza ukuta wa mbali. Katika programu za siku hizi mtu huweza kuamuru nukta za karibu zibaki kavu na za mbali zilainishwe. Tumeiweka hivyo, na anaendelea nayo.