Setilaiti, "Sayari Bandia" na "Kutua" Mwezini: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Anga za Juu

Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik 1, tufe la metali lenye kipenyo cha sentimeta 58 na uzito wa kilo 83.6. Warusi hawakuhangaika kubuni neno jipya la kukiita kitu hicho. Walichukua neno lao la zamani lenye maana ya mwenzi wa safari, wakalipa kazi ya pili. Sisi tulipokea habari hizo kupitia lugha nyingine, na mpaka leo vitabu vya shule, magazeti na hata barua za ofisi hueleza safari za vyombo hivyo kwa maneno yasiyolingana. Makala haya hayakusudii kuwalaumu watafsiri, ambao aghalabu hufanya kazi kwa haraka na bila marejeo ya kutosha. Yanakusudia kuonyesha kwamba hapa istilahi isiyo sahihi haiharibu lugha tu, bali hupotosha historia yenyewe.

Tuanze na "sayari bandia", jina ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa setilaiti yoyote. Sayari ni kitu kinachozunguka jua. Kinachozunguka sayari ni mwezi. Kwa hiyo Sputnik 1 haikuwa sayari ya aina yoyote. Chombo kilichostahili jina hilo ni Luna 1, kilichorushwa Januari 1959 ili kiugonge mwezi. Kiliukosa kwa kilometa zipatazo 6,000, kikaendelea na safari mpaka kikashika njia ya kulizunguka jua. Mwanafunzi aliyezoea kuita kila setilaiti "sayari bandia" hawezi tena kuelewa jambo la ajabu lililotokea mwaka huo. "Mwezi bandia" lingekuwa sahihi zaidi, lakini mwezi ni pia sehemu ya mwaka, na neno "bandia" siku hizi limeshikamana na noti bandia na dawa bandia. "Setilaiti" basi inafaa. Lililobaki ni kuamua tahajia: "setilaiti" na "satelaiti" hazifai kukaa pamoja katika jalada moja. Mimi napendekeza ya kwanza, kwa kuwa iko karibu zaidi na matamshi ya neno lilikotoka.

Kosa kubwa zaidi liko katika kitenzi "kutua". Tunasoma kwamba Luna 2 "ilitua" mwezini Septemba 1959. Haikutua. Iliugonga mwezi kwa kasi kubwa ikavunjikavunjika, na hayo ndiyo yaliyokusudiwa, kwani haikuwa na chombo chochote cha kuipunguzia mwendo. Ranger 7 ya Marekani nayo iliugonga mwezi Julai 1964, baada ya kupeleka duniani picha zaidi ya 4,300 katika dakika zake za mwisho. Chombo cha kwanza kutua salama mwezini kilikuwa Luna 9, tarehe 3 Februari 1966. Kati ya kugonga na kutua ilipita miaka zaidi ya sita, iliyojaa majaribio yaliyoshindwa. Mtafsiri anayetumia neno moja kwa mambo hayo mawili huifuta miaka hiyo yote, na huinyang'anya Luna 9 sifa yake. Kiswahili kinajua tofauti hii tangu zamani: ndege hutua tawini, mchukuzi hutua mzigo. Katika matumizi yote hayo mna wazo la kushuka kwa utaratibu. Jiwe lililovurumishwa halitui.

Jambo la tatu ni lile la chombo kupita karibu na sayari bila kuigusa wala kuizunguka. Mariner 2 ilifanya hivyo kwa Zuhura tarehe 14 Desemba 1962, kwa umbali wa kilometa karibu 35,000. Mariner 4 ikafanya hivyo kwa Mirihi Julai 1965, ikapeleka picha 21 zilizoonyesha mashimo kama ya mwezini. Waandishi husema vyombo hivyo "vilifika", neno linalodai mengi mno, au "vilipita", neno lisilosema kama vilipita karibu au mbali. Mabaharia wetu wanalo neno hasa. Jahazi linapofuata pwani kwa karibu pasipo kuigusa huwa linaambaa, na kutokana na shina hilo tumepata "mwambao". Yawezekana atatokea wa kusema kwamba jahazi huambaa kwa muda mrefu, ilhali Mariner ilipita kwa saa chache tu. Ni kweli, lakini kiini cha dhana, yaani ukaribu bila mgusano, kimo. "Mariner 4 iliambaa Mirihi" ni sentensi fupi, sahihi, na ya Kiswahili.

Si kila neno la bahari linalofaa, hata hivyo. Wako wanaotaka "kushua" badala ya "kurusha", kwa kuwa chombo kipya hushuliwa baharini. Lakini kushua kuna asili moja na kushuka, na roketi haishuki inapoanza safari. "Kurusha" na liendelee.

Mwisho tutazame "kuzunguka", kitenzi kinachobeba dhana mbili. Mfano bora uko kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo katika nyota, ikapewa jina Uhuru. Ilizunguka dunia kwa muda unaozidi kidogo saa moja na nusu. Na wakati huohuo iligeuka juu ya mhimili wake mara moja katika kila dakika 12, ili vipimo vyake vifagie anga. Ukisema tu kwamba "ilizunguka", msomaji hajui ni lipi. Tuseme ilizunguka dunia, na ilijizungusha. Orodha yake ya nne ilitaja vyanzo 339 vya eksirei, na wanajimu wa mataifa yote bado huviandika kwa alama 4U, ambamo U ni Uhuru. Neno letu limo katika orodha za nyota, nasi hatujakubaliana jinsi ya kueleza kazi iliyoliweka huko.

Kwa hiyo inapendekezwa:

(a) "setilaiti" itumike kwa kinachozunguka sayari au mwezi, na "sayari bandia" iachwe kwa kinachozunguka jua;

(b) "kugonga", "kutua", "kuambaa" na "kuzunguka" yashike kila moja dhana yake, bila kubadilishana;

(c) "kujizungusha" litofautishwe na "kuzunguka".

Walimu na watafsiri wenye hoja za kupinga, hasa juu ya "kuambaa", wanaombwa waziandike kabla mapendekezo haya hayajaingia katika orodha sanifu.