Pongezi kwa Mafundi wa Maji ya Figo

Wagonjwa wa figo wa Kisii na Nyamira wanaosafishwa damu kwa mashine huwashukuru madaktari na wauguzi, na wanastahili. Nami nawapongeza mafundi wa maji. Kipindi cha saa 4 hutumia takribani lita 120 za maji; kalsiamu ikizidi humo, mgonjwa hutapika na shinikizo la damu hupanda. Kinachoinasa ni punje za plastiki ya polistirini, ndogo kuliko wimbi, zinazoachia sodiamu badala yake. Wanakemia Adams na Holmes wa Uingereza walifungua njia ya plastiki za namna hiyo mwaka 1935. Punje zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi, zikafanya kazi upya. Fundi hupima ugumu wa maji, unaoletwa na kalsiamu hiyo, kabla mgonjwa wa kwanza hajaunganishwa. Kazi nzito mno hiyo, na wachache huiona.