Ombi la hoteli linavyopita mezani: somo la Mara kwa watu wa Mwea

Agosti 2025 kambi ya Ritz-Carlton ilifunguliwa kando ya Mto Sand, ndani ya mbuga ya Maasai Mara. Ina mahema 20 ya kifahari, kila moja na kidimbwi chake cha kuogelea, na usiku mmoja huanzia takriban dola 3,500 kwa mtu. Mwezi huohuo msomi mmoja wa jamii ya Wamaasai alienda mahakamani Narok akidai kambi imekaa kwenye njia ya nyumbu wanaovuka kutoka Serengeti, na kwamba athari zake kwa mazingira hazikuchunguzwa ipasavyo. Desemba aliiondoa kesi mwenyewe. Ina maana hakuna jaji aliyeamua, na swali la jinsi idhini ilivyotolewa limebaki wazi. Nami nalichukua hapo lilipoachwa, kwa sababu tunaoishi chini ya Mlima Kenya, kati ya Kerugoya na Ngurubani, tutaulizwa swali hilohilo siku mwekezaji atakapokuja na ramani ya hoteli kando ya maji yetu.

Tuangalie kwanza nani aliulizwa nini. NEMA, mamlaka ya mazingira, huulizwa kama ripoti ya athari imetimiza masharti. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijibu kuhusu wanyama: likasema kumbukumbu zake za miaka mingi zinaonyesha kambi haizibi njia ya uhamaji, kwa kuwa nyumbu huvuka mpaka kwa upana wake wote. Kaunti ya Narok nayo huulizwa kuhusu matumizi ya ardhi. Kila meza ina swali lake dogo, na kila moja inaweza kulijibu sawasawa, huku swali kubwa likikosa mwenyewe: baada ya kambi hii na nyingine zilizotangulia, ukingo wa mto unaweza kubeba ngapi?

Swali hilo kubwa ndilo kazi ya mpango wa usimamizi wa mbuga, ule wa 2023 hadi 2032. Hapo ndipo pananisumbua zaidi. Mlalamishi aliusoma mpango huo akaona unakataza malazi mapya ya watalii. KWS iliusoma mpango uleule ikaona kambi imo katika eneo lililotengwa kwa utalii wa kiwango cha chini. Hati moja, maana mbili. Mpango unaoweza kusomwa hivyo na pande zote mbili haujamaliza kazi yake, na aliyepaswa kuufafanua kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa ni kaunti. Lakini kaunti hiyohiyo ndiyo msimamizi wa mbuga na ndiyo inayokusanya ada za kuingia. Simtuhumu mtu yeyote. Nasema tu kwamba anayepokea mapato ya wageni hafai kuwa peke yake katika kupima kama wageni wamezidi.

Sasa turudi kwetu, Kaunti ya Kirinyaga. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna ujenzi bila idhini ya kaunti. Mwombaji hupeleka ramani kwa waziri wa ardhi wa kaunti na kuutangazia umma, ili mwenye pingamizi aandike. Bango huwekwa kwenye kiwanja. Simama mbele ya bango la aina hiyo uone: nambari ya ploti, maneno ya kitaalamu kwa Kiingereza, herufi ndogo, mara nyingi linatazama upande ambao wenye mashamba hawapiti. Mama anayetoka kupalilia mpunga na matope yakiwa magotini hawezi kujua kwamba limeandikwa kwa ajili yake.

Kuna kifungu ambacho wengi hatukijui. Siku 60 zikipita bila mwombaji kujibiwa kwa maandishi, sheria inachukulia idhini imetolewa. Faili likisahaulika kwenye droo, hoteli imepita. Kilichokusudiwa kumlinda mwombaji dhidi ya uzembe wa ofisi kinaweza kumnyima jirani yake nafasi ya kusikilizwa. Na uamuzi ukitoka, asiyeridhika ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Halafu kuna baraza. Watu huitwa, huandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio, soda hupita, na karatasi ile hubandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii imeshirikishwa. Lamu walilipinga jambo la aina hii wakashinda. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na sababu moja kuu ilikuwa kwamba mikutano ya kuutambulisha mradi haitoshi. Wananchi wanapaswa kuelezwa yaliyomo katika ripoti yenyewe na kusikilizwa. Hoja hiyo inahusu hoteli kama inavyohusu mtambo.

Kwetu kipimo ni maji. Mpunga wa Mwea unategemea mito ya Thiba na Nyamindi, na bwawa la Thiba lililozinduliwa Oktoba 2022 lilijengwa ili mashamba yapate maji hata kiangazi. Hoteli ya juu ya mto huchota maji safi na kurudisha maji machafu. Anayepitia ombi aulize maji taka yataenda wapi mvua kubwa ikinyesha, na mfereji wa kwanza chini yake unamwagilia shamba la nani. Ripoti isiyojibu hayo irudishwe, hata kama picha za mahema zinapendeza.

Kwa hiyo ukiona bango, lipige picha pamoja na tarehe. Nenda ofisi ya mipango Kerugoya uulize ombi lilipokewa siku gani, uhesabu siku 60 kuanzia hapo. Andika pingamizi lako kwa Kiswahili au Kikuyu chako, utie sahihi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.