Karatasi Iliyofungua Soko la Simu Nakivale

Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ilitoa agizo ambalo halikupigiwa tarumbeta: mkimbizi aruhusiwe kusajili laini ya simu kwa kitambulisho chake cha ukimbizi, au kwa barua ya uthibitisho anayopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Hakuna mnara uliosimamishwa siku hiyo, wala simu mpya iliyozinduliwa. Hata hivyo, kwa MTN na Airtel, kampuni mbili zinazotawala soko la simu nchini humo, agizo hilo lilikuwa na uzito kuliko kampeni yoyote ya matangazo. Uganda ilikuwa inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja, na wengi wao walikuwa wateja tayari. Kilichokosekana ni kuandikwa kwa majina yao.

Nakivale ndipo pa kuliangalia jambo hili kwa karibu. Makazi hayo yako wilaya ya Isingiro, kusini mashariki mwa jiji la Mbarara, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda; leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia, jumla yao zaidi ya laki moja. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kusafiri na kufungua biashara. Ndiyo maana Base Camp, kitovu cha makazi, ina maduka, vinyozi, migahawa ya Kisomali na vibanda vya kuchaji simu kama mji mwingine wowote mdogo wa eneo la Ankole.

Lakini sheria ya wakimbizi na kanuni za simu hazikuwa zikisalimiana. Mwaka 2017 serikali ilidai kila laini ihakikiwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na mkimbizi hana namba hiyo. Katika makambi na makazi mengi dawa ikawa ileile: kumwomba raia anayemfahamu, pengine mwenye duka, asajili laini kwa jina lake. Mpangilio huo huenda vizuri mpaka simu ipotee au namba ya siri isahaulike. Hapo kampuni inamtaka mwenye laini, na mwenye laini kwenye kompyuta ni mtu mwingine. Kwa kuwa laini ni pochi pia, tangu MTN ilipoleta huduma ya pesa kwa simu Uganda mwaka 2009, anayepoteza laini hupoteza na akiba iliyomo.

Wakuu wa kampuni walilijua tatizo, ila mwaka 2018 walikuwa na moto mwingine wa kuuzima. Julai mosi mwaka huo ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, pamoja na kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa kwa simu. Watu waliingia mitaani Kampala, na miezi michache baadaye kodi ya miamala ikashushwa hadi asilimia 0.5, tena kwa anayetoa pesa peke yake. Mwaka huohuo kadi za kukwangua za muda wa maongezi zikapigwa marufuku. Mfumo mzima wa kuuza muda wa maongezi, uliojengwa juu ya wachuuzi wenye vikaratasi mkononi, ukalazimika kuhamia kwenye simu ya wakala.

Marufuku ya kadi ilitangazwa kama hatua ya usalama, lakini kibiashara iliwasukuma wakuu wafanye jambo walilokuwa wakilisogeza taratibu. Kila kibanda kilichokuwa kikiuza kadi sasa kilihitaji salio la kielektroniki, na mwenye salio hayuko mbali na kuwa wakala wa pesa. Kwa hiyo agizo la 2019 lilipofika, mnyororo wa mawakala ulikuwa umeshatandazwa hadi vijijini. Kampuni ambayo ingeanza kutafuta mawakala baada ya agizo ingekuwa imechelewa. Mshindani wa MTN na Airtel, Africell, iliyoinunua Orange Uganda mwaka 2014 na kujijengea jina kwa bando za bei nafuu, ilifunga shughuli zake Uganda Oktoba 2021. Bei nafuu ya intaneti haikutosha dhidi ya wapinzani wawili waliokuwa na pochi ya mteja mikononi.

Kuwa na mawakala, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Kibanda cha wakala kina mali mbili: noti na floti, yaani salio la kwenye simu. Anayeweka pesa humpa wakala noti na kupunguza floti yake. Anayetoa hufanya kinyume. Mjini Mbarara pande hizo mbili husawazishana zenyewe, kwa sababu wauza ndizi na maziwa huweka mauzo yao wakati wengine wakitoa. Kwenye makazi ya wakimbizi pesa huwa na mwelekeo mmoja. Ndugu aliyeko Kampala anatuma, aliyehamishiwa Marekani anatuma, shirika linalipa msaada kwa fedha, na kila anayepokea anataka noti leo kwa sababu mwenye mahindi sokoni anadai noti. Floti inajaa, noti zinakauka. Wakala hana budi kusafiri hadi mjini kubadilisha floti kuwa noti, akilipa nauli, akifunga kibanda, na kurudi na fungu la pesa kwenye barabara ya vumbi. Kamisheni yake kwa muamala mdogo haibadiliki kwa sababu ya safari hiyo. Mkuu wa kampuni anayejivunia ramani yake ya mawakala angefaa aulizwe ni wangapi kati yao wana noti saa nane mchana.

Swali hilo lilijibiwa kwa namna nyingine na taasisi ndogo. Machi 2020 UGAFODE, taasisi ya mikopo midogo inayopokea amana, chini ya uongozi wa Shafi Nambobi, ilifungua tawi ndani ya Nakivale kwa kuungwa mkono na FSD Africa, shirika la kuendeleza sekta ya fedha. Wakati ulikuwa mbaya kuliko wote: kabla mwezi haujaisha nchi ilikuwa imeingia kwenye vizuizi vya korona, na Aprili Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likapunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30. Mhasibu mwoga angelifunga tawi hilo. Lakini hesabu ya UGAFODE haikuegemea mgao. Iliegemea wenye maduka, mafundi na wafugaji wa kuku, watu ambao benki za mjini zilikuwa zimewaweka kwenye fungu la wanaosubiri msaada. Tawi pia lina sefu, na sefu ni noti, ndizo hasa zinazomsumbua wakala wa simu.

Inafaa kusema hapa kwamba wakuu wa kampuni za simu wenyewe si wageni kwenye vita vya karatasi. Wim Vanhelleputte, Mbelgiji aliyeiongoza MTN Uganda, alifukuzwa nchini Februari 2019 kwa madai ya usalama wa taifa, kisha baadaye akaruhusiwa kurudi. Aliyemrithi mwaka 2022, Sylvia Mulinge kutoka Kenya, anakumbukwa na wasomaji wa Tanzania: mwaka 2018 aliteuliwa kuiongoza Vodacom Tanzania, akanyimwa kibali cha kazi. Viongozi wawili mfululizo wa kampuni moja walishaonja kusimamishwa na mhuri, ingawa wao walikuwa na mawakili.

Simu si biashara pekee inayomhitaji mteja wa Nakivale. Upande wa vyombo vya habari mabadiliko ya soko yalisomwa tofauti, na kwa maoni ya safu hii yalisomwa nusu tu. Vision Group, kampuni ya New Vision iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa mwaka 2004, ilitambua mapema kwamba gazeti peke yake halitailisha. Chini ya mkurugenzi wake Robert Kabushenga ikajigeuza kuwa kundi la redio, televisheni na magazeti ya lugha za kienyeji. Magharibi mwa nchi ilikuwa na gazeti la Orumuri, Radio West na TV West, zote zikimlenga msomaji na msikilizaji wa Runyankole-Rukiga. Ulikuwa uamuzi wa busara: mtangazaji wa dawa za mifugo anataka mfugaji wa Ankole, na mfugaji huyo anasikiliza kwa lugha yake. Korona ilipobana mwaka 2020, Orumuri lilisimamishwa, redio ikaendelea. Wino na lori vina gharama ambayo mawimbi hayana.

Ila hesabu hiyo ya lugha iliiruka Nakivale, ambako Mkongo na Mrundi hukutana kwa Kiswahili sokoni. Pengo hilo vijana wa makazi walijaribu kuliziba wenyewe. Alexander Betts wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye timu yake ilichunguza uchumi wa wakimbizi hapo na kutoa ripoti mwaka 2014, amesimulia hadharani habari za kijana Mkongo aliyefika bila kitu, akaanzisha redio ya jamii na wenzake, akakodi kamera na kuanza kutengeneza filamu. Mtaji wake mkubwa ulikuwa kujua wasikilizaji wake wanasema nini nyumbani.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uamuzi wa namna hiyo ungeweza kuwafanyia wenye redio kile ambacho agizo la UCC liliwafanyia wenye simu, laiti kungekuwa na idara ya mauzo iliyojiandaa mapema. Mfanyabiashara wa unga pale Base Camp anayetaka kuwafikia Wakongo na Warundi kwa pamoja anaweza kukodi kipaza sauti siku ya soko, au kuandika kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa vyovyote vile, bajeti yake ya matangazo haifiki Mbarara.