Mizani ya Kanda Tatu: Sauti ya Mtunzi katika SimCity

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kumsaka mtunzi katika maneno yake. Tunamtambua kwa msamiati anaouteua, kwa wahusika anaowapa ushindi na kwa wale anaowanyima kauli. Je, tumsake wapi mtunzi wa kazi isiyo na msimulizi, kazi iliyosukwa kwa kanuni tu? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea SimCity, mchezo wa kompyuta uliobuniwa na Will Wright na kutolewa na kampuni ya Maxis mwaka wa 1989. Tunadai kwamba mizani ya kanda, ambayo mchezaji huipokea kana kwamba ni sheria ya maumbile, ndiyo sauti ya mtunzi, na kwamba sauti hiyo ina itikadi.

Msuko

Katika mchezo huu, mchezaji ni meya. Hupewa ardhi tupu na fedha, kisha hutenga kanda za aina tatu: makazi, biashara na viwanda. Nyumba hajengi yeye. Huufikishia ukanda umeme na njia ya usafiri, akangoja wakazi waje. Mgogoro wa kazi hii umo katika kutegemeana kwa kanda hizo. Wakazi huhitaji ajira, viwanda huuza bidhaa nje ya mji, na biashara huhudumia soko la ndani. Kwa hiyo mji mchanga huhitaji viwanda kuliko maduka. Unapokua, biashara hushika nafasi ya mbele. Kipimo kidogo kwenye skrini humwarifu meya ni ukanda upi unaotakiwa. Akisogeza viwanda karibu mno na makazi, uchafu hushusha thamani ya ardhi na nyumba huchakaa. Akitenga makazi kupita ajira iliyopo, viwanja hubaki vitupu. Kodi, ambayo mwanzoni ni asilimia 7, ikipandishwa kupita kiasi, ukuaji hukoma.

Yafaa tutambue kisichoweza kusemwa katika lugha hii ya kanda tatu. Nyumba yenye duka chini na vyumba vya kulala juu, ambayo ni jambo la kawaida Mombasa na katika miji mingi duniani, haina ukanda wake. Hata kanisa na hospitali hujiotea zenyewe ndani ya makazi, bila ya yeyote kuomba.

Asili mbili

Wright amewataja waandishi wawili kuwa miongoni mwa waliomwathiri. Wa kwanza ni Jay Forrester, mhandisi wa Marekani, ambaye kitabu chake Urban Dynamics (1969) kilitokana na ushirikiano wake na John Collins, aliyewahi kuwa meya wa Boston. Forrester aliugeuza mji kuwa mfumo wa milinganyo, akahitimisha kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kulizidisha umaskini wa mji, na kwamba kubomoa sehemu ya nyumba duni na kuziachia biashara nafasi kungeufaa zaidi. Wa pili ni Stanisław Lem wa Polandi. Katika hadithi yake mojawapo, fundi Trurl anamtengenezea mfalme dhalimu aliyepinduliwa milki ndogo ndani ya sanduku, apate watu wa kutawala. Mwenzake anamshutumu kwa swali zito: ikiwa mateso ya viumbe wale yameigwa kikamilifu, yana tofauti gani na mateso ya kweli?

Hatudai kwamba Wright aliyatia mapendekezo ya Forrester katika mchezo. Tunalodai ni kwamba mchezo umelirithi sanduku la Lem bila ya swali lake, na nafasi ya swali hilo imejazwa na namna ya Forrester ya kuwaona watu: kiasi kinachoingia na kutoka. Ushahidi ni tingatinga. Kubomoa mraba mmoja hugharimu dola 1, ilhali kutenga ukanda hugharimu dola 100. Hakuna mwenye nyumba, hakuna fidia, hakuna aliyefukuzwa. Aliyebomolewa anaonekana tena kama tarakimu tu, idadi ya watu inaposhuka.

Yamkini mtu atapinga kwamba mchezo hauna mwisho wala ushindi, hivyo mchezaji ana uhuru wa kuikaidi mizani. Ni kweli kwamba anaweza kujenga mji wa reli pasipo barabara, au kuiharibu kazi yake yote kwa makusudi. Hata hivyo, ukaidi huo nao hupimwa kwa kipimo kilekile. Meya anaweza kutenda karibu kila jambo isipokuwa kumsikiliza mkazi mmoja.

Hitimisho

Mizani ya SimCity si uvumbuzi wa mchezaji, imeandikwa. Mwaka wa 2008 msimbo wa mchezo ule wa kwanza ulitolewa kwa umma kwa jina la Micropolis, kwa hiyo milinganyo yake inaweza kusomwa mstari kwa mstari kama matini nyingine yoyote. Mhakiki anayeweza kuuliza ni nani anayesimulia riwaya, na kwa maslahi ya nani, hana budi kuuliza vivyo hivyo kuhusu kanuni. Asipofanya hivyo, wanafunzi wetu wataendelea kujifunza kwamba mtu anayehamishwa kwa dola 1 ni sehemu ya hesabu iliyosawazishwa vyema.